Wasomaji Wanauliza: Protini Mbili Zikikaribiana Ndani ya Utando, Nani Atajua Kama Zimeshikana?

Katika toleo lililopita tulieleza jinsi salbutamoli, dawa ya pumu, inavyofanya kazi kwa kuishika protini iliyozama ndani ya utando wa seli za njia ya hewa. Tulitaja pia, kwa kupita tu, kwamba wanasayansi hutumia spektroskopia kuchunguza jinsi protini za namna hiyo zinavyoingiliana. Aya hiyo moja imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumechagua tano, na majibu hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali hayalingani kwa uzito.

Ndugu Mhariri, nafundisha Biolojia kidato cha tano na cha sita. Vitabu vyetu huchora utando wa seli kama tabaka mbili za mafuta zenye protini zilizopachikwa humo. Wanafunzi wameniuliza: ikiwa hadubini ya shuleni haiwezi kuonyesha hata hizo tabaka mbili, mtu anajuaje kwamba protini mbili zimekutana ndani yake?
*Mwalimu wa Biolojia, Kondoa*

Mwalimu, hongera kwa kuwa na wanafunzi wa namna hiyo. Utando wa seli una unene wa nanomita 4 hadi 5 tu, ilhali hadubini ya kawaida ya mwanga, hata iliyo bora, hushindwa kutenganisha vitu viwili vilivyo karibu kuliko nanomita 200 hivi. Kwa hiyo picha haiwezi kutupa jibu. Spektroskopia hupita njia nyingine: huipa molekuli nishati kwa mwanga au kwa mawimbi ya aina nyingine, kisha hupima molekuli hiyo imechukua nishati kiasi gani, imeirudisha kwa rangi ipi, na imekaa nayo kwa muda gani. Mambo hayo hubadilika molekuli inapopata jirani, na kutokana na mabadiliko hayo tunaweza kukadiria jirani yuko umbali gani.

Njia inayotumika zaidi ni uhamishaji wa nishati ambao nadharia yake iliandikwa na mwanasayansi wa Ujerumani, Theodor Förster, katika miaka ya 1940, na ambao maabarani huitwa kwa kifupi FRET. Huchaguliwa rangi mbili zinazong'aa, kwa sharti kwamba mwanga ambao ya kwanza huutoa uwe ndio ambao ya pili huunyonya. Protini moja hubandikwa rangi toaji na nyingine hubandikwa rangi pokezi. Rangi toaji ikiangaziwa huku rangi pokezi ikiwa mbali, hung'aa kwa rangi yake yenyewe. Rangi pokezi ikiwa jirani sana, nishati huifikia moja kwa moja bila mwanga wowote kutolewa katikati, nayo ndiyo inayong'aa. Mng'ao wa rangi toaji hufifia, na muda wake wa kukaa na nishati, ambao kwa kawaida ni nanosekunde chache, hupungua.

Uzuri wa kipimo hiki uko katika hesabu yake, na hapa ninyi walimu wa Biolojia mnaweza kuwaalika wenzenu wa Fizikia darasani. Uhamishaji huo hutegemea kipeo cha sita cha umbali. Kila jozi ya rangi ina umbali wake maalumu, ambao mara nyingi ni kati ya nanomita 2 na 6, na katika umbali huo nusu ya nishati huhamishwa. Ukipunguza umbali huo kwa nusu, uhamishaji hupanda hadi zaidi ya asilimia 98. Ukiuongeza mara mbili, hushuka hadi asilimia 1.5 hivi. Mwaka 1967 Lubert Stryer na Richard Haugland waliithibitisha sheria hiyo kwa kubandika rangi mbili kwenye ncha za minyororo mifupi ya asidi amino ambayo urefu wake ulijulikana, na wao ndio waliopendekeza kwamba kipimo hiki kitumike kama rula ya molekuli. Ni rula fupi, lakini urefu wake unalingana vizuri na ukubwa wa protini na unene wa utando.

Ndani ya seli hai, rangi yenyewe mara nyingi huwa ni protini. Jeni ya protini ya kijani inayong'aa, iliyotokana na yavuyavu wa baharini, huunganishwa na jeni ya protini inayochunguzwa, na seli hujitengenezea zote mbili zikiwa zimeungana. Osamu Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008 kwa kazi ya kuigundua na kuiendeleza protini hiyo, na ni matoleo yake ya rangi mbalimbali ambayo sasa hutumika kama toaji na pokezi.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Chuo Kikuu cha Dodoma. Katika andiko langu nilieleza jaribio ambamo protini mbili za utando zilibandikwa rangi, FRET ikaonekana, nami nikahitimisha kwamba protini hizo huungana. Msimamizi wangu ameandika pembeni, "Hujathibitisha." Kwani FRET si ndiyo uthibitisho wenyewe?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Marahaba. Msimamizi wako yuko sahihi, na nitajibu kwa urefu kwa sababu hapa ndipo hata makala zilizochapishwa katika majarida makubwa hujikwaa.

FRET hupima umbali kati ya rangi mbili, haipimi mshikamano. Katika maji ya mirija ya maabara tofauti hiyo haisumbui sana, kwa kuwa protini zilizotandazwa katika ujazo mkubwa hazina sababu ya kukaa nanomita 5 kutoka kwa mwenzake isipokuwa zimeshikana. Utando ni eneo bapa lililosongamana, na protini zote zimelazimishwa kukaa humo. Chukua seli nyekundu ya damu. Protini moja tu ya utando wake, iitwayo bendi 3, ina nakala zaidi ya milioni moja, na eneo la utando wa seli hiyo ni takribani mikromita za mraba 140. Gawanya mwenyewe: kila nakala inapata kipande cha mraba chenye upande wa nanomita 11 hivi, na hapo hatujaziweka glikoforini na protini nyingine zote zinazogombea nafasi hiyo hiyo. Zibandike rangi zenye umbali maalumu wa nanomita 5, na utaona FRET hata kama hakuna protini inayomjali mwenzake. Jumamosi katika mnada wa Msalato watu hubanana bega kwa bega mbele ya majiko ya nyama choma, na hakuna anayeweza kutaja ndugu ni nani kwa kupima nafasi iliyo kati ya mabega yao.

Njia ya kutoka katika mtego huu inajulikana. Usipime FRET mara moja. Ipime katika seli nyingi zenye viwango tofauti vya protini pokezi, kisha chora grafu ya uhamishaji dhidi ya wingi wa protini hiyo katika eneo. Kama ukaribu ni wa bahati tu, uhamishaji utapungua kadiri wingi unavyopungua, na utaelekea sifuri. Kama protini zimeshikana katika makundi, uhamishaji utabaki pale pale hata utando ukiwa na protini chache, mradi uwiano kati ya toaji na pokezi haujabadilika. Anne Kenworthy na Michael Edidin walitumia hoja hiyo mwaka 1998 kuchunguza kama protini fulani za utando zimejikusanya au zimetawanyika ovyo, na sijaona sababu ya kuiruka tangu wakati huo. Grafu ya namna hii ingekuwa katika andiko lako, nadhani msimamizi asingeandika neno pembeni.

Halafu kuna majaribio ya kulinganishia. Ongeza protini ile ile isiyo na rangi: kama mshikamano ni wa kweli, hiyo isiyo na rangi itachukua nafasi za wenye rangi na FRET itashuka. Badilisha asidi amino moja mahali unapodhani protini hugusana. Glikoforini A, protini ya seli nyekundu ambayo hupita katika utando mara moja tu, huungana mbili mbili kupitia sehemu iliyo ndani ya mafuta, na katika sehemu hiyo kuna glisini mbili zilizotenganishwa na asidi amino tatu. Glisini ni ndogo kiasi kwamba helikisi mbili, yaani minyororo ya protini iliyojiviringa kama springi, huweza kulaliana kwa karibu kabisa. Ukiiondoa glisini ya nafasi ya 83 na kuweka isolusini, ambayo ni nene, muungano huvunjika, ingawa protini bado iko katika utando ule ule wenye msongamano ule ule. FRET ikishuka kwa badiliko dogo kama hilo, hapo una hoja. Jihadhari pia na protini linganishi isiyofaa. Protini inayokaa katika sehemu nyingine ya seli haiwezi kukuambia lolote kuhusu msongamano wa mahali unapopapima.

Tena, rangi zenyewe zina tabia. Protini ya kijani ya yavuyavu ina mwelekeo hafifu wa kushikana na mwenzake, na ndani ya utando, ambako zimebanana, mwelekeo huo hafifu unatosha kukupa muungano ambao umeuleta wewe mwenyewe kwa kubandika rangi. Mwaka 2002 maabara ya Roger Tsien ilionyesha kwamba badiliko moja katika nafasi ya 206, la kuweka lisini badala ya alanini, huondoa tatizo hilo. Ukisoma makala ya zamani kuhusu protini za utando, angalia kwanza kama badiliko hilo lilikuwepo.

Kama chuo kina mshirika mwenye leza na kigunduzi cha kuhesabu fotoni, kuna njia nyingine ambayo haitegemei ukaribu. Leza hulengwa kwenye nukta ndogo ya utando, na kinachopimwa ni kupandapanda kwa mng'ao wakati protini zinapoingia na kutoka katika nukta hiyo. Douglas Magde, Elliot Elson na Watt Webb walichapisha msingi wake mwaka 1972. Ukitumia rangi mbili, protini zinazosafiri pamoja huwasha rangi zote kwa wakati mmoja, na zile zinazopishana tu hazifanyi hivyo. Usijaribu kurahisisha kwa kutumia rangi moja na kuangalia kasi peke yake, ukitarajia kwamba jozi itakwenda polepole: Philip Saffman na Max Delbrück walionyesha mwaka 1975 kwamba ndani ya utando kasi ya protini hubadilika kidogo mno ukubwa wake unapoongezeka, kwa hiyo jozi na mmoja mmoja hutembea karibu sawasawa.

Ndugu Mhariri, kwa nini msumbuke na utando huo wenye msongamano? Sisi maabarani tukitaka protini tunapasua seli, tunaitoa, tunaisafisha. Si mngeitoa kwa sabuni mkapima katika mrija?
*Fundi sanifu maabara, Singida*

Hufanyika hivyo kila siku, ndugu, na bila sabuni za maabara tusingejua nusu ya tunayoyajua. Molekuli za sabuni huizunguka sehemu ya protini inayochukia maji na kuiwezesha kuelea. Shida ni kwamba sabuni hiyo hiyo huingia katikati ya protini mbili zilizokuwa zimeshikana, au huzitenganisha kwa kuzipa nafasi kubwa ya kutawanyika.

Mfano mzuri ni ule wa glikoforini A tuliyoitaja hapo juu. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walichukua sehemu yake ya ndani ya utando, wakaiweka katika sabuni mbalimbali, na wakaipima kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa mwanga wa urujuanimno uliopindishwa kwa mduara, ambao huonyesha kama mnyororo wa protini umejiviringa katika umbo la helikisi. Helikisi hutambulika kwa mabonde mawili ya grafu, karibu na nanomita 208 na 222. Kipimo hicho hakikubadilika: helikisi zilikuwa salama. Njia ya pili ilikuwa FRET, nayo ilibadilika sana, kwani kadiri sabuni ilivyoongezwa ndivyo jozi zilivyozidi kuachana. Mtu aliyetegemea kipimo cha kwanza peke yake angeapa kwamba protini yake haijaguswa.

Kwa sababu hiyo wengi sasa hutumia visahani vya utando. Hivi ni vipande vidogo vya tabaka mbili za mafuta, vyenye kipenyo cha nanomita 10 hivi, vilivyofungwa ukingoni kwa protini iliyotokana na ile inayobeba kolesteroli nzuri katika damu yetu. Vilibuniwa katika maabara ya Stephen Sligar, Illinois, na faida yake ni kwamba unaweza kuamua kisahani kibebe protini moja au mbili, kisha ukapima ukiwa na hakika ya idadi.

Katika visahani hivyo kuna kipimo kingine ninachokipenda kuliko FRET pale umbali kamili unapohitajika. Badala ya rangi kubwa, hubandikwa molekuli ndogo yenye elektroni moja isiyo na mwenza, na hubandikwa kwenye sisteini, asidi amino ambayo mtafiti ameiweka mahali anapotaka. Sampuli hugandishwa hadi karibu kelvini 50, huwekwa ndani ya sumaku yenye nguvu, na mapigo ya mawimbi mafupi ya redio hupima jinsi elektroni mbili zinavyovutana kisumaku. Kipimo hiki, kinachoitwa DEER, husoma umbali wa nanomita 2 hadi 6 bila shida kubwa, na hutoa mtawanyiko wote wa umbali, si wastani peke yake. Aidha kimo cha mawimbi katika matokeo hutegemea ni elektroni ngapi zimo katika kundi moja, kwa hiyo protini iliyo peke yake na iliyo katika jozi hutofautiana waziwazi. Kabla ya DEER kuenea, mwaka 1996, maabara za Wayne Hubbell na Gobind Khorana zilitumia elektroni za kubandika za namna hii kuonyesha kwamba rodopsini, protini ya macho yetu inayohitaji vitamini A, inapopigwa na mwanga husogeza helikisi yake ya sita kwenda nje. Kipokezi kinachoshikwa na salbutamoli ni cha ukoo huo huo wa protini. Gharama ya DEER ni ugandishaji: unachokipima ni protini iliyositishwa, si inayotembea.

Mhariri, mambo haya yana faida gani kwetu tunaougua malaria?
*Msomaji, Mpwapwa*

Faida iko, ingawa si ya kesho asubuhi. Kimelea cha *Plasmodium falciparum* huingia katika seli nyekundu kwa kushika protini za utando wake, na mojawapo ni hiyo hiyo glikoforini A. Katika Afrika Mashariki kuna watu waliorithi mpangilio tofauti wa jeni za glikoforini, uitwao Dantu, na watu hao hawapatwi kirahisi na malaria kali. Watafiti waliochunguza damu ya watoto wa Kilifi, Kenya, walichapisha mwaka 2020 sababu mojawapo: utando wa seli zao umekazwa zaidi, na waliupima kwa kurekodi jinsi utando unavyotetemeka wenyewe chini ya hadubini, kisha kuuchanganua mtetemo huo kwa masafa yake kama spektra yoyote. Protini zikibadilika zinavyopangana, utando mzima hubadilika ugumu.

Naomba kujua: kwa vifaa vya kawaida vya chuo, bila leza wala sumaku hizo, tunaweza kuanzia wapi?
*Mkufunzi, Dodoma*

Mkufunzi, anzia na fluorimita, kifaa cha kupima mng'ao, kama ipo, na asidi amino ya triptofani, kwa sababu hiyo hung'aa yenyewe bila kubandikwa chochote. Triptofani iliyo katika maji hutoa mng'ao wenye kilele karibu na nanomita 350. Ikizama ndani ya mafuta kilele huhamia karibu na 330. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kutengeneza vimifuko vya mafuta, akaongeza peptidi yenye triptofani moja, na kufuatilia inavyoingia ndani ya utando. Melitini, peptidi ya sumu ya nyuki yenye asidi amino 26 na triptofani moja tu, imetumika hivyo kwa miongo mingi. Akifika hapo, aongeze rangi pokezi kama dansili kwenye sehemu ya mafuta, naye atakuwa na FRET ya kweli, yenye umbali maalumu wa nanomita 2 na kidogo.

Weka ufyonzaji wa sampuli usizidi 0.1 katika urefu wa wimbi unaoangazia, la sivyo sampuli itajizibia mwanga yenyewe na mtasoma kushuka kwa mng'ao kama FRET. Ukiangazia kwa nanomita 280, kilima kidogo karibu na 310 ni cha maji, wala si cha protini yenu. Pimeni bafa, yaani myeyusho wa kuwekea sampuli, peke yake na mkitoe kilima hicho katika kipimo chenu. Vumbi letu la kiangazi hutawanya mwanga vibaya sana, kwa hiyo chujeni kila bafa kwa kichujio cha mikromita 0.2. Na msitumie maji ya bomba au ya kisima hata kwa suuza ya mwisho. Maji ya ukanda huu sote tunaijua ladha yake. Kalsiamu iliyomo, ikizidi, huvutia vimifuko vyenye chaji hasi hadi vigandamane, na vimifuko vikigandamana rangi za kimoja hukaa jirani na za kingine, na FRET hupanda bila protini kufanya lolote. Tumieni maji yaliyoondolewa ayoni, na katika bafa wekeni kidogo EDTA, kemikali inayoshika kalsiamu.

Kama mna mashine ya infraredi yenye kioo cha kuwekea sampuli juu yake, hiyo pia inafaa. Taasisi ya Afya Ifakara imetumia mashine za aina hiyo kutambua spishi na umri wa mbu, na pia kutafuta malaria katika matone ya damu yaliyokaushwa, kwa hiyo uzoefu wa kuziendesha upo nchini. Kwa protini, angalieni eneo la kati ya mawimbi 1600 na 1700 kwa sentimita. Helikisi huonekana karibu na 1655. Maji nayo hunyonya karibu na 1645 na hulifunika eneo hilo, kwa hiyo ama kausheni utando uwe tabaka jembamba juu ya kioo, ama tumieni maji mazito, yaani yenye haidrojeni nzito, mkikumbuka kwamba katika maji mazito kilele chenyewe husogea chini kidogo.